Sukari Ikishuka, Tazama Nyuma: Mafunzo Niliyopata

Kidato cha Pili B hawakumbuki nilichokuwa nikifundisha siku ile, na mimi pia sikumbuki. Wanachokumbuka ni kwamba mwalimu wao wa hisabati aliandika ubaoni saba mara nane ni hamsini na nne, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono kumsahihisha, na mwalimu akamfokea kama aliyetukaniwa mama yake. Kisha akaketi juu ya meza akaanza kulia. Ukosi ulikuwa umelowa jasho na vidole havishiki chaki. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye bibi yake ana kisukari, alitoka mbio hadi kwa mama anayeuza ubuyu nje ya geti, akarudi na soda. Nilikuwa nimeshakunywa nusu chupa ndipo mtu akakumbuka mashine ya kupimia iliyokuwa kwenye pochi yangu. Ilisoma 2.9.

Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 22, na sasa nina 47. Mashine zetu nyingi husoma kwa milimoli: chini ya 3.9 sukari imeshuka, chini ya 3.0 ubongo wenyewe umeanza kulala njaa. Mwenye mashine ya miligramu asome 70 na 54.

Siku ile walimu wenzangu walinipa pole na ushauri mmoja: "Mwalimu, umezidi kujinyima sukari." Haikuwa hivyo. Sukari ya damu haishuki kwa kuwa mtu ameacha kuweka vijiko viwili kwenye chai. Na tena, kila inaposhuka tunatafuta sababu pale pale mtu alipoangukia, wakati sababu yenyewe iko nyuma: saa chache nyuma, jana yake, pengine mwezi uliopita. Haya ndiyo niliyoyaokota nikirudi nyuma.

1. Sindano haijui kama umekula

Asubuhi ile nilichoma saa kumi na mbili na nusu kama kawaida yangu. Uji ulikuwa wa moto, daladala imeshapiga honi, nikauacha mezani nikijiambia nitakunywa chai shuleni. Shuleni nikakuta kikao.

Insulini niliyokuwa nikitumia ni ile ya mchanganyiko wa 70/30, ya maziwamaziwa, ambayo wagonjwa wengi wa Tanzania wanaijua. Ndani ya kichupa kimoja mna insulini mbili. Asilimia 30 ni ya haraka: nusu saa baada ya kuchoma imeshaanza kazi, na nguvu yake hupamba moto kati ya saa ya pili na ya nne. Asilimia 70 ni ya polepole, inakuja kushika kasi kuelekea mchana. Ukichoma saa kumi na mbili na nusu, piga hesabu mwenyewe: saa nne asubuhi ya haraka iko kazini kwa nguvu zote, na ya polepole inapiga hodi. Wakati huo mimi nilikuwa ubaoni na tumbo tupu.

Tangu hapo chai ya saa nne kwangu si mapumziko, ni sehemu ya dozi. Shule moja niliyofundisha zamani ilikuwa na amri kwamba msimamizi wa mtihani asitie kitu mdomoni. Niliitii mara moja tu.

Jambo dogo ambalo halisemwi vya kutosha: kichupa cha maziwamaziwa hubingirishwa taratibu viganjani mpaka rangi ilingane. Usipofanya hivyo, leo unavuta majimaji ya juu, kesho unavuta mashapo, halafu unashangaa kwa nini yuniti zile zile zinakupa majibu tofauti.

2. Jembe la jana hulima usiku

Tuna shamba la mahindi upande wa Muheza. Jumamosi moja ya palizi nililima kutwa, nikarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyejiona mzima kuliko wazima. Nilikula ugali vizuri, nikapima kabla ya kulala: 7.2. Nani angekuwa na wasiwasi na 7.2?

Saa tisa usiku mume wangu aliamshwa na shuka lililolowa chapachapa. Mimi nilikuwa nimefumbua macho, nasoma kwa sauti majina ya wanafunzi kama ninaita mahudhurio. Akanipima: 2.3. Akanikamulia machungwa matatu yaliyokuwa jikoni, akanishikia kikombe mpaka nilipoanza kumuuliza kwa nini ananinywesha machungwa usiku wa manane.

Misuli ina akiba yake ya sukari. Ukiitumia akiba hiyo mchana kutwa, usiku misuli inajaza ghala lake upya, na inachota kutoka kwenye damu. Uchotaji huo unaweza kuendelea hata saa 24 baada ya kazi. Juu ya hapo, asubuhi yake nilikuwa nimechoma pajani, nikaenda kulifanyisha paja lile lile kazi ya kuinama na kuinuka. Kiungo kinachofanya kazi damu hukizunguka zaidi, na insulini huondoka hapo upesi kuliko ilivyopangwa. Hata maji ya moto ya kuoga, ukioga mara tu baada ya kuchoma, yanaweza kuiharakisha.

Sasa siku ya shamba nachoma tumboni, napunguza yuniti kadiri tulivyokubaliana na daktari wangu, nabeba machungwa mkobani, na usiku silali bila kutia kitu tumboni. Kuna usiku ambao nilidhani sikushuka kabisa lakini niliamka na kichwa kizito na kumbukumbu ya ndoto za kukimbizwa. Daktari aliniambia niweke saa ya kuniamsha saa tisa nipime. Nikakuta 3.2. Kumbe nilikuwa nashuka usingizini na kupanda mwenyewe kabla ya alfajiri.

3. Kinundu kina deni

Kwa miaka mingi nilichoma upande wa kulia wa kitovu, pale pale, kwa sababu pale hapaumi tena. Pakaota uvimbe laini kama andazi lililoumuka. Nesi wa kliniki akapabonyeza kwa kidole, akasema, "Dada, hapa umejijengea benki." Insulini inayoingia kwenye kinundu hunyonywa ovyo: leo nusu, kesho yote kwa pamoja. Ndiyo maana sukari yangu ilikuwa juu siku zote, na dozi ikawa inaongezwa kila nikienda.

Nikahamia upande wa kushoto kama nilivyoambiwa, na dozi ile ile kubwa iliyozoea kinundu. Ngozi mpya ikaipokea yote. Siku mbili mfululizo: 3.1, kisha 2.7. Anayehama mahali pa kuchoma amuulize daktari wake kuhusu kupunguza dozi kabla ya kuhama.

Na wenye kununua mabomba ya sindano kwa bei ya kutupa, tazameni maandishi ubavuni. Insulini ya siku hizi kwa kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita. Bomba la zamani lililochorwa kwa ajili ya yuniti 40 likitumika kwa insulini hiyo, mtu anayefikiri amevuta 20 amevuta 50.

4. Kidonge nacho kinaangusha, na hakiangushi peke yake

Hili ndilo lililonifundisha zaidi, na halikunipata mimi.

Mama mkwe wangu alikuwa na miaka 74, ana kisukari cha aina ya pili, anameza vidonge vya glibenklamidi, vile vidogo ambavyo wengi wanaviita Daonil. Kwa kuwa ni kidonge hatukukiogopa. Katika nyumba yetu mwenye hatari ya kushuka ni mimi wa sindano. Yeye ni wa vidonge, yuko salama. Kumbe dawa za kundi lile hulikamua kongosho litoe insulini, liwe limepata chakula au halikupata. Metformini ikiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni hadithi nyingine.

Wiki ile alipata maumivu ya kukojoa. Mtu wa duka la dawa akampa Septrin. Hamu ya kula ikakatika; akawa anakunywa chai ya rangi tupu na kutafuna kipande cha mkate wa ajemi ili tusimsumbue. Vidonge vya kisukari hakuacha, maana tulimsifu siku zote kwa kutoacha. Siku ya nne hakuamka hadi jua likawa juu. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea. Majirani wakasema kiharusi, na mmoja akaanza kutaja mganga wa kuchua. Nilimpima kwa mashine yangu, kwa mazoea tu kuliko busara: 1.6.

Hospitalini, walipomtia glukosi kwenye mshipa, mkono uliolegea ukanyanyuka kuweka ushungi sawa. Akauliza, "Kuku wangu nani kawafungulia?" Tukacheka mpaka wagonjwa wengine wakatutazama. Jioni tukaruhusiwa kurudi nyumbani, na hapo ndipo palipokosewa. Saa sita usiku alikuwa chini tena.

Kuamka hakumaanishi dawa imeisha. Glibenklamidi inaweza kuendelea kushusha sukari kwa siku nzima na zaidi, hasa kwa mtu mzima ambaye figo zake zimechoka. Mgonjwa kama huyo hulazwa, akawekewa dripu, akapimwa kila baada ya muda mpaka dawa itoke. Safari ya pili ndipo walipopima figo, wakakuta zinafanya kazi kwa shida. Tukahesabu sababu kwa vidole: figo zilizochoka bila sisi kujua, chakula kilichopungua, na Septrin, ambayo yenyewe inaweza kushusha sukari na pia huzidisha nguvu ya glibenklamidi. Pengine moja moja isingemwangusha. Zilikutana mwilini mwake wiki moja.

Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60, na badala yake inaweka gliklazidi. Mwenye mzazi nyumbani afungue ile mifuko ya dawa akasome majina. Na figo zikianza kuchoka, hata sisi wa sindano tusijipongeze sukari inapoanza kuwa nzuri yenyewe bila juhudi. Figo ni mojawapo ya viungo vinavyoisafisha insulini. Zikilegea, insulini ya asubuhi inabaki mpaka jioni.

5. Pombe na tumbo tupu

Hapa sitakaa sana. Mwenzetu mmoja kazini, wa sindano kama mimi, alikunywa Ijumaa usiku bila kula, akachoma dozi yake, akalala. Jumamosi asubuhi alikutwa stendi akiyumba na kutoa maneno yasiyoeleweka. Ananuka pombe, kwa hiyo kila aliyepita alisema aachwe alale, zitaisha. Kijana wa bodaboda anayemfahamu ndiye aliyembeba hadi zahanati.

Ini ndilo ghala linalotulisha usiku. Likiwa linahangaika na pombe, kazi ya kutengeneza sukari mpya husimama, na akiba iliyokuwemo ikiisha hakuna linalotoka. Sukari inaweza kushuka asubuhi ya kesho yake, wakati mtu anadhani yaliyonywewa yamekwisha. Mlevi na aliyeshuka sukari wanafanana mno. Anayejua tofauti ni mashine tu.

6. Saa tisa alasiri ya Ramadhani

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mtoto wa miaka saba anaona aibu kusema hafungi. Nilifunga kwa siri miaka mitatu baada ya kuambiwa na daktari kwamba mimi niko kwenye kundi la hatari. Sikuona aibu ya kushuka. Niliona aibu ya kuonekana nakula.

Mwaka wa tatu, nikikaanga kaimati, mafuta yalianza kuwa mawili mbele ya macho yangu. Midomo ikafa ganzi. Saa ya ukutani ilionesha tisa na robo. Nikajiambia, zimebaki saa tatu na kitu, nivumilie. Shangazi yangu, mzee aliyesoma chuo kuliko sisi sote, alinitazama mara moja akaniletea maji ya sukari. Nilipokataa akasema, "Mwenyezi Mungu kakupa ruhusa, wewe unamrudishia?"

Sababu ya kushuka ile haikuwa ya alasiri. Usiku wa kuamkia pale nilikula daku saa saba ili nisikatize usingizi, na nikachoma dozi ya asubuhi kama siku ya kula. Anayeruhusiwa kufunga na daktari wake huwa amebadilishiwa dozi wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, anachelewesha daku hadi karibu na alfajiri, na anapima mchana. Wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kidoleni halibatilishi funga. Ikisoma chini ya 3.9 anafungua hapo hapo, hata kama adhana imebakiza dakika kumi. Mimi sifungi tena. Natoa fidia, na kaimati napika bado.

7. Mtoto asiye na kisukari

Mwaka 2008 mtoto wa kaka yangu, wa miaka mitatu, alipata malaria kali. Alikuwa kwenye dripu ya kwinini. Usiku akakakamaa, macho yakageuka juu. Wifi yangu alilia "degedege!", na bibi mmoja wa kitanda cha jirani akataka mtoto atolewe sindano zote, kwa imani ya zamani ya pwani kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Mimi nilikuwa na mashine. Ilisoma 1.8. Nesi alikuja mbio na glukosi na mtoto akalegea, akalala usingizi wa kweli.

Malaria kali hula sukari: mtoto hali, vimelea vyenyewe vinatumia glukosi, ini linashindwa kutengeneza nyingine. Na kwinini huchochea kongosho kutoa insulini, hasa kwa wajawazito. Ugonjwa unavuta huku, dawa inavuta kule kule.

Kilichonigusa baadaye ni kujua kwamba miaka ile ile, hapo Muheza na Korogwe, watoto wetu walikuwa ndani ya utafiti mkubwa wa nchi tisa za Afrika uliolinganisha kwinini na artesunati ya sindano. Matokeo yalitoka 2010: kati ya watoto zaidi ya 5,400, waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunati asilimia 8.5, na sukari kushuka wakiwa kwenye matibabu kulikuwa kuchache zaidi kwa artesunati. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo. Hata hivyo mtoto yeyote mgonjwa sana, aliyedhoofu kwa utapiamlo au asiyenyonya, apimwe sukari. Kukakamaa si lazima kuwe kwa homa, na si lazima kuwe kwa shetani.

8. Chupa isiyo na maandishi

Karela, ile mboga chungu, naipenda kwenye mchuzi. Kunywa maji yake kila asubuhi juu ya sindano ni jambo jingine, maana nayo hushusha. Zaidi ya hapo naogopa unga usioandikwa kitu. Singapore mwaka 2008 watu wengi walilazwa kwa sukari kushuka, na baadhi walikufa, baada ya kumeza dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kichinichini. Ndani mlikuwa na glibenklamidi. Wengi wao hawakuwa na kisukari.

9. Mwili huchoka kukuonya

Zamani nikifika 3.5 nilitetemeka kama jani. Baada ya mwaka mmoja wa kushuka mara kwa mara, nikawa nafika 2.6 bado nasahihisha madaftari. Mwili unaozoea kushuka huacha kupiga kengele, na dawa kama propranolol huuficha ule moyo kwenda mbio. Linalobaki ni jasho. Ilinibidi nikae wiki kadhaa na sukari ya juu kidogo kwa makusudi, chini ya daktari, mpaka kengele zikarudi.

Tiba naijua kwa vipimo vya jikoni: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, nasubiri dakika 15, napima tena, ndipo nakula chakula. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Chipsi na chokoleti mafuta yake huchelewesha. Soda nzima na maandazi manne, ambayo nilikuwa nayashambulia kwa woga, yalinipeleka 18. Aliyepoteza fahamu hamiminiwi kitu mdomoni. Analazwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Na nina daftari. Safu ya kwanza sukari, ya pili dozi, ya tatu chakula, ya nne nimeiandika "jana". Jumanne iliyopita nilikuta 3.3 saa tano asubuhi, nikapekua safu zote nisione kosa: nimekunywa chai, sikwenda shamba, kichupa ni kile kile. Binti yangu alikuwa akioga maji ya ndoo, akasema kutoka bafuni, "Mama, si jana bomba lilikatika ukachota kisimani kwa Mama Salma?"

Nilichota safari nne, ndoo mbili mbili, na ngazi za nyumba yetu. Sikuandika kwa sababu sikuwahi kuihesabu kuwa ni kazi. Nikachukua kalamu, safu ya nne, nikaandika: ndoo nane.